Hondohondo Aliyejikandika Ndani ya Mti

Zamani za kale hondohondo hakuwa na mlango wala ukuta. Huyu mnayemwona leo, mwenye mdomo mkubwa uliopinda na sauti ya kuudhi, mnamwona akiwa ameshafunzwa na dunia. Yule wa mwanzo alijenga kiota cha vijiti juu ya tawi la wazi, kama afanyavyo njiwa, mahali ambapo kila mpita njia alimwona, na kila aliyemwona alikuwa na jambo la kumwambia. Anayesuka ukili hapa na aendelee kusuka, ukili hauzibi masikio. Lakini wale wawili wanaonong'onezana huko nyuma wachague moja, maana habari hii inawahusu.

Katika msitu huo wa zamani aliishi hondohondo mmoja jina lake Mwanatumu, mke wa Kombo. Mwanatumu alikuwa fundi wa kukandika. Wanyama wengi wakati huo walikaa kwenye vijumba vya fito, na fito bila udongo hazizuii mvua wala nyoka, kwa hiyo hapakuwa na mwenye nyumba asiyemhitaji. Mdomo wake ulichota udongo, ukaubandika, ukausawazisha, yote kwa mkupuo mmoja. Wala hakuishia kukandika. Huku ukuta unapanda, yeye alikuwa akisimulia habari za bondeni, akiwapatanisha wakwe waliogombana, akiwatupia jicho watoto wa watu wasitumbukie kijitoni, na mguu mmoja ukimshikia mtu tunda lake. Wenzake walisema Mwanatumu ana midomo mitano. Naye alipenda wakisema hivyo, tusimfichie.

Na kwa kazi za namna ile hakuna lililoharibika. Udongo haujali kama fundi anapiga soga. Ukuta aliokandika huku akicheka ulidumu sawa na ule aliokandika kimya, na pengine kazi ilikwenda haraka zaidi kwa sababu ya kicheko. Ndiyo maana Mwanatumu aliamini kwamba mambo yote ya duniani yanafanyika hivyo, moja juu ya jingine.

Tabu ilikuja na mayai. Msitu ule ulikuwa na desturi yake, na ndiyo iliyomponza: aliyesimama ana kazi, aliyekaa ana nafasi. Ukimkuta mtu amesimama, unampita. Ukimkuta amekaa, una haki ya kumwomba chochote, naye akikataa anaitwa mwenye kiburi. Hakuna aliyewahi kuiuliza desturi hiyo swali hata moja. Sasa ndege anayeatamia hufanyaje? Hukaa. Anakaa asubuhi, anakaa mchana, anakaa jua likizama, na ukimtazama kwa mbali utaapa kwamba hajawahi kuonekana mvivu kama huyo.

Msimu wa kwanza Mwanatumu alikaa juu ya mayai yake mawili, na kabla umande haujakauka Kanga akafika na kundi lake la vifaranga. Akasema shoga yangu, nimekuona umekaa, niangalizie hawa mara moja tu. Mara moja ya Kanga ikachukua nusu ya siku. Kima naye alipita kuomba ushauri, na ushauri wa Kima hautolewi mpaka uende ukauone mwenyewe mti anaougombania. Mwanatumu alikuwa akiondoka kidogo, akirudi kidogo, akiinuka, akikaa. Hakuna hata safari moja iliyokuwa ndefu. Lakini yai halihesabu safari, linahesabu baridi. Wakati wa kuangua ulipofika hakikutoka kitu, na Kombo alipoyatikisa mayai yale yalisikika maji ndani. Yalikuwa viza.

Kombo hakusema neno kali. Aliyachukua akaenda kuyatupa mbali ili mkewe asiyaone, na Mwanatumu alilia mpaka mdomo ukamwia mzito.

Msimu wa pili aliapa hataondoka, na kweli alishinda wiki nzima bila kuondoka. Kisha Kima akaja mbio akisema ukuta wa nyumba yake umefanya ufa, mawingu yale pale, watoto watalowa. Mwanatumu alitazama mawingu, akatazama mayai, akajiambia kwamba ni kiganja cha udongo tu. Alipofika akaona ufa mwingine, na fundi akiona ufa hawezi kuuacha. Aliporudi, mdomo bado una matope, alimkuta Kenge ametanda juu ya kiota chake, anajilamba.

Jirani wote walikuja kumpa pole. Walikaa naye, wakasikitika, wakasema maneno mazuri, na tuseme ukweli walisikitika kwa dhati. Halafu Kanga, machozi hayajamkauka, akamsogelea Mwanatumu akamwuliza kwa upole kama hangeweza kuwashika vifaranga kidogo, maadamu leo amekaa tu. Kombo alifungua mdomo aseme, akaufunga, akaruka akaenda zake, kwa kuwa angebaki angemdonoa mtu msibani.

Msimu wa tatu Mwanatumu hakuwa kijana tena. Alitaga mayai mawili, madogo kuliko ya awali, na akajua moyoni kwamba mengine huenda yasije. Safari hii alizunguka nyumba kwa nyumba kabla ya kuanza kuatamia. Alieleza vizuri, bila hasira, kwamba anaomba asiitwe mpaka watoto waanguliwe. Wote waliitikia kwa moyo mmoja. Kanga alisema hata yeye alikuwa akishangaa watu wanavyomsumbua. Kima alisema atakayemwita atamwona yeye Kima.

Kesho yake alfajiri Kima alikuwa chini ya tawi. Akasema yeye haiti, anauliza tu.

Basi wakaanza kuuliza tu. Wakaanza kupita tu, kusalimu tu, kuacha kitu hapa tu. Mwanatumu akaona amepata ujanja: kwa nini aondoke, wakati anaweza kufanya kila kitu pale pale alipokaa? Wakamletea mizozo yao akaiamua kutoka kiotani. Wakamletea matunda magumu akayapasua kwa mdomo. Kanga akawaleta vifaranga, wakaingizwa chini ya bawa lake, wakawa wamebanana na mayai. Kombo alipokuja na chakula alikuta foleni. Mkewe alikuwa akimweleza Kima mpaka wa mti uko wapi, akimkemea kifaranga, na mguu mmoja umeshika tunda la mtu.

"Mke wangu," Kombo akamwambia, "hivi unaatamia, au unafungua soko?"

Mwanatumu aligeuka amjibu. Alikuwa na jibu kali, maana naye alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hapendi kuulizwa swali la haki. Alipogeuka, kifaranga cha Kanga kikasukumana na mwenzake, na yai moja likabingirika mpaka ukingoni mwa kiota. Kila aliyekuwepo aliliona. Mwanatumu peke yake hakuliona, kwa sababu alikuwa akitafuta maneno ya kumjibu mumewe. Lilianguka likapasuka juu ya mzizi, na ndani yake mlikuwa na kinda lililokwisha kuota kichwa.

Hapo watu wakaanza kutawanyika. Kanga akakusanya watoto wake. Kima akakumbuka ana safari. Mwanatumu akabaki na yai moja, na hasira aliyokuwa nayo haikumtafuta Kanga wala Kima, ilimrudia mwenyewe, kwa kuwa midomo mitano aliyosifiwa nayo haikuweza kulinda kitu kimoja kisichosema.

Hakuagana na mtu. Alilichukua lile yai mdomoni, taratibu, kama unavyobeba kaa la moto kwenye kigae, akaruka kuelekea kwenye mvule mkubwa uliokuwa na shimo shinani mwa tawi lake la juu. Njiani Kanga alimwona akamwita. Mwanatumu hakuweza kuitika, mdomo ulikuwa umejaa. Kanga akaita tena, kwa ile sauti yake ya kuita mpaka uitike. Mwanatumu akazidi kupiga mbawa. Alipotua kwenye mvule aligeuka kutazama, akitarajia kuona angalau jambo moja limeharibika kwa sababu ameitwa hakuitika. Kanga alikuwa ameshasahau, anaparua majani. Mwanatumu alistaajabu, maana kuitwa asiitike lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulijaribu tangu azaliwe.

Aliingia shimoni, akaliweka yai juu ya unga wa mti, akamwita Kombo. Akamwambia amletee udongo, ule mwekundu wa kandokando ya kijito, unaonata. Kombo akauliza ni nyumba ya nani tena inayokandikwa. Akajibiwa kwamba ni hii.

Akamletea tope baada ya tope, na Mwanatumu akakandika mlango wa shimo kutokea ndani. Ulikuwa ukuta bora kuliko kuta zote alizowahi kutengeneza, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikandika bila kusema na mtu. Alianza chini, akapanda pande zote mbili, akakutanisha katikati, akalainisha. Mwanga ukapungua, ukapungua, ukaisha. Akafurahi. Akasema sasa ni mimi na yai, na kingine chochote kisubiri.

Lakini jamani, hata kwa jambo jema mtu anaweza kukosa kiasi. Siku iliyofuata joto lilikuwa limejaa mle ndani kama chungu kilichofunikwa. Hewa ilikuwa nzito, tumbo lilikuwa tupu, na Kombo alikuwa nje na tunda la mkuyu mguuni, anabisha hodi. Mwanatumu hakuitika. Alikuwa ameapa haitiki. Kombo akabisha tena, akaeleza kuwa ni yeye, akaeleza kuwa ni chakula. Kimya. Akaweka sikio kwenye ukuta akasikia pumzi za mkewe, fupi fupi, za mtu anayeishiwa.

Kombo alikuwa mpole, lakini wapole nao wana mwisho. Alilidondosha lile tunda, akaupiga ukuta kwa mdomo mpaka ukafanya ufa kuanzia juu hadi chini, upana wa ncha ya mdomo, si zaidi. Mwanatumu akaanza kumlaumu kwa sauti ya kukauka, kwamba hata yeye mumewe anamharibia, kwamba amejifunga ili afanye moja tu.

"Moja hilo hilo unaliua," Kombo akasema. "Ukifa wewe, nani atalipasha joto? Acha huu ufa. Chakula kipite, hewa ipite. Maneno ya watu yasipite, mimi nitayapokea huku nje."

Mwanatumu akavuta pumzi. Ile hewa ilikuwa tamu kuliko tunda. Hakukiri kwamba mumewe amesema kweli, hilo lingekuwa la kupita kiasi kwa siku moja, lakini alichukua mdomo wa udongo akalainisha kingo za ufa ili usizidi kupasuka, na Kombo akajua kwamba amekubaliwa.

Mngedhani yameisha hapo. Hayakuisha. Siku chache baadaye Kima alikuja chini ya mvule akapiga kelele kwamba ukuta umeanguka, Mwanatumu, ukuta umeanguka. Na mbawa za Mwanatumu zikainuka zenyewe. Hakufikiri, hakuamua. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameubomoa ukuta wake kwa bega, kichwa kiko nje, anauliza ukuta gani. Kima akasema ni ule wa zamani, ule wa stoo, wala hauna haraka, alikuwa anamjulisha tu.

Mwanatumu alirudi ndani akaligusa yai. Lilikuwa limeanza kupoa. Akalilalia, akatetemeka juu yake mpaka joto liliporudi, na mle gizani akaona kitu ambacho hakukipenda. Miaka yote alikuwa amewalaumu wanaoita. Leo ukuta ulikuwepo, na ukuta umebomolewa na yeye. Jirani wangeweza kunyamaza wote, na bado angekuwa na masikio yaliyosimama, yanasubiri jina lake.

Aliukandika upya. Kisha akaanza kuyang'oa manyoya marefu ya mbawa zake, moja baada ya jingine. Yaliuma, na aliyang'oa kwa hasira, si kwa ushujaa. Aliyatandika chini ya yai. Kombo alipochungulia kwenye ufa akaona mkewe hana mbawa za kurukia, alishtuka akamwuliza amefanya nini. Mwanatumu akamjibu kwamba sasa hata akiitwa na mfalme wa ndege hana pa kwenda.

Kule nje, Kombo aliyapata. Yote aliyokuwa akiyabeba mkewe yalimwangukia yeye. Alichuma matunda, alikamata panzi na konokono, alimfukuza Kenge aliyekuwa akizunguka shina, aliwaambia watu Mwanatumu hayupo, aliwaambia yupo lakini hapokei wageni, aliwaamulia mizozo asiyoijua mwanzo wake. Sauti ilimkauka kwa kujibu, na ndiyo ile mnayoisikia hadi leo, ya mtu aliyerudia jambo moja mpaka amechoka nalo. Siku moja Kima alimsindikiza njia nzima akimweleza habari ya kesi yake, na Kombo alipofika kwenye ufa akamsukumia mkewe kipande cha gamba la mti akidhani ni tunda. Mwanatumu alilitazama lile gamba. Zamani angelifanya jambo la kugombania. Sasa alikuwa mtu mwenye kazi moja, na mwenye kazi moja ana subira ya kutosha. Alilitafuna kidogo, akalitandika pamoja na manyoya, akamwambia mumewe apumzike kabla ya kwenda tena.

Yai lilianguliwa. Sitawaeleza sana furaha ya mle ndani, kwa kuwa hakuna aliyeiona zaidi yao, na Kombo aliona jicho moja tu la mwanawe kupitia ule ufa. Alikaa tawini jioni nzima, wala Kima alipokuja hakumsikia.

Kinda lilikua, na njaa yake ikakua zaidi. Kombo alikonda mpaka shingo ikawa kama kijiti. Mwanatumu alimtazama kupitia ufa, akayatazama manyoya ya mbawa zake mwenyewe ambayo yalikuwa yameanza kuota upya, akaona kwamba kazi iliyomweka ndani imekwisha na ile iliyo nje imekuwa ya wawili. Asubuhi moja aliubomoa ukuta, safari hii kwa kuamua, akatoka kwenye jua.

Na nani alikuwa pale chini? Kanga, na vifaranga wengine, maana Kanga hakosi vifaranga.

"Shoga yangu, hatimaye," Kanga akasema. "Kumbe siku zote hizo ulikuwa umekaa tu humo ndani?"

Kombo alifumba macho, akisubiri. Mwanatumu alimtazama Kanga kwa muda mrefu. Alikuwa na maneno, maneno ya misimu mitatu, na mengine alikuwa ameyapanga vizuri sana kule gizani.

"Ndiyo," akasema. "Nilikaa."

Kisha wote wakasikia sauti nyuma yake, pwata, pwata, pwata, wakageuka. Kinda lilikuwa peke yake ndani ya shimo. Lilikuwa limeokota mabonge ya ukuta uliobomoka, linayalowesha kwa mate, linayabandika mahali pake kwa mdomo wake mdogo ambao bado haujakomaa. Hakuna aliyelifundisha. Mwanatumu hakuwahi hata kulieleza ukuta ni wa nini. Lilikuwa limemwona mama yake akifanya jambo moja mpaka likaisha, nalo likashika. Liliziba, likalainisha, likaacha ufa wa kupitishia chakula, likatulia kumalizia kukua kwake.

Mwanatumu alishindwa kujizuia, akalia pale pale tawini mbele ya Kanga. Kisha akajifuta, akaruka na Kombo kwenda kwenye mkuyu. Siku ile alichuma matunda, akasikiliza habari za bondeni, akampa Kima hukumu ya mti wake, yote kwa pamoja na huku akicheka, na hakuna lililoharibika.

Na tangu siku hiyo hondohondo jike, msimu wa mayai ukifika, hutafuta shimo la mti, akajikandika ndani na kuacha ufa mwembamba, na manyoya yake ya kurukia hudondoka humo humo. Dume hubaki nje akihangaika na dunia, na mara nyingine hadi leo humletea mkewe gamba la mti badala ya chakula. Kanga hajaelewa bado. Msikilizeni tu asubuhi anavyokimbia huku na huku akiita, watoto wametawanyika nyuma yake.

Basi ninyi mkipita chini ya mti mrefu mkaona tundu lililozibwa kwa udongo, na ncha ya mdomo kwenye ufa, msigonge shina wala msiite, hata kwa kuuliza tu. Yumo. Amekaa. Ana kazi.